Chanjo Iliyokataa na Trofimo wa Mileto

Desemba 2023, watafiti wa jaribio la chanjo ya VVU linaloitwa PrEPVacc walitangaza kwamba wameacha kuwachoma watu chanjo hiyo. Kamati huru iliyokuwa ikipitia takwimu iliona hakuna matumaini kwamba chanjo zile zingeonekana kukinga. Waliojitolea walikuwa watu wazima 1,512, na vituo vilikuwa vinne: Masaka kule Uganda, Durban Afrika Kusini, Dar es Salaam, na hapa kwetu Mbeya.

Kwa mtu wa mbali hiyo ni habari ya dakika moja redioni. Kwetu ilikuwa habari ya nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu inayoongoza Tanzania nzima yote iko huku Nyanda za Juu Kusini. Ukiwa mwalimu huku, kila mwaka unaandikisha darasani watoto waliolelewa na bibi zao, na huulizi sana wazazi wako wapi. Ukiwa Mkristo huku, umeshazika.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, na Jumapili ni mlezi wa vijana katika usharika wetu hapa jijini. Baada ya ibada ya pili vijana hubaki. Tunakunywa chai, kisha yeyote mwenye habari ya sayansi aliyoisikia redioni au kuiona kwenye simu anaileta. Tunaisoma, tunaihoji, halafu tunaiombea. Tulianza kwa sababu niliona vijana wetu wanapewa mafundisho ya aina mbili yasiyokutana: Jumatatu hadi Ijumaa wanasikia habari ya seli na vinasaba, Jumapili wanasikia habari ya Mungu, na hakuna mtu anayekaa nao katikati.

Habari ya chanjo kukataa ililetwa na kijana anayesomea famasi. Aliisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta habari za msiba. Alipomaliza, mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amepita kuchukua mwavuli wake akasimama mlangoni. "Mwalimu, si tulisema? Wanadamu wanajenga mnara wa Babeli. Haya, Mungu ameushusha."

Nampenda mzee yule, na nilimjibu kwa heshima yake yote. Lakini nilimjibu. Nilimwambia, "Shikamoo mzee wangu. Wale wa Babeli walitaka kujifanyia jina. Hawa wa hapa mtaani kwetu walikunja mikono ya mashati wakachomwa sindano ili mjukuu wako asiugue. Mimi sioni kwamba ni mnara ule ule." Akanyamaza, akaketi. Chai yake tukamwekea sukari.

Kisha tukaingia kwenye hoja yenyewe: kwa nini chanjo ya ugonjwa huu imekuwa ngumu hivi? Aprili 1984 waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alisema wanatumaini kuwa na chanjo ya kufanyia majaribio katika muda wa miaka miwili hivi. Sisi tulikuwa tunazungumza karibu miaka arobaini baadaye. Niliwaeleza vijana kwamba kirusi hiki kinapojinakili hukosea sana, na kila kosa ni sura mpya ambayo kingamwili za jana hazijaizoea. Ganda lake la nje limefunikwa na sukari zinazofanana na za mwili wetu wenyewe, kwa hiyo mwili unapata taabu kukitambua. Kibaya zaidi, kinajipachika ndani ya vinasaba vya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazotakiwa kutulinda, na hapo kinaweza kutulia kwa miaka. Kabla ya PrEPVacc yalikuwepo majaribio mengine makubwa, na yale yaliyosimamishwa mwaka 2020, 2021 na mwanzoni mwa 2023 yote yaliishia pale pale.

Nilipofika hapo kijana wa famasi akasema neno ambalo sijaliacha tangu siku ile. "Mwalimu, hawa watu wanakuja kutuambia wameshindwa. Mbona sisi kanisani hatufanyi hivyo?"

Niliguswa kwa sababu nilikuwa na kaburi akilini.

Miaka ya nyuma nilikuwa na jirani, mama mmoja muuza mboga, mtu wa sala kweli kweli. Alikuwa kwenye dozi ya ARV na alikuwa amenawiri. Akaja mhubiri mmoja mjini, akaweka hema, akatangaza kwamba virusi vinaondoka kwa maombi na kwamba kuendelea na dawa ni kumwonyesha Mungu kwamba humwamini. Jirani yangu akasimama kwenye jukwaa lake akashuhudia amepona. Akaacha kliniki. Tulimbembeleza, mimi na mama mchungaji, tukaenda hadi usiku. Alitujibu kwa upole kwamba sisi imani yetu ni ndogo. Haikuchukua muda mrefu akaanza kukohoa, akapungua, tukamzika siku ya mvua kubwa. Ushuhuda wake ulikuwa umerekodiwa. Wiki kadhaa baada ya mazishi nilikuwa sokoni Mwanjelwa nikinunua maharage, gari la matangazo likapita, na sauti iliyokuwa ikitoka kwenye spika ilikuwa ya kwake: "Nilikuwa mgonjwa, sasa ni mzima, Haleluya!"

Niliweka kile kikapu chini. Mwuza maharage alidhani naumwa.

Sasa linganisha. Katika jaribio la chanjo, watu wamepangwa kwa kura ili wengine wapate chanjo na wengine wapate sindano isiyo na chanjo, na si mshiriki wala anayemchoma anayejua nani kapata ipi. Vijana walilihoji sana jambo hili. Mmoja aliona ni udanganyifu. Lakini mshiriki huelezwa tangu mwanzo kwamba huenda akapata sindano isiyo na kitu, na hutia sahihi akiwa anajua. Sababu yake ni kwamba sote, hata waaminifu, hupenda kuona tunachokitamani. Mtafiti akijua nani kapata chanjo, jicho lake litamsaidia bila yeye kutaka. Kwa hiyo wanajifunga macho kwa makusudi. Halafu wanaweka kamati ya watu wasio na maslahi, yenye mamlaka ya kusema basi. Na kamati ikisema basi, wanasimama hadharani mbele ya dunia, na mbele ya watu wale wale waliotoa mikono yao, wanasema: haikufanya kazi.

Mkristo anayejua mafundisho juu ya moyo wa mwanadamu anapaswa kuutambua utaratibu huu upesi kuliko mtu yeyote. Yeremia alisema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Wanasayansi, wengi wao bila kumsoma Yeremia, wamejenga kazi yao yote juu ya tahadhari hiyo. Sisi tunaomsoma Yeremia tunapokea ushuhuda bila kuuliza hata swali moja, na tunaogopa kuuliza eti tutamhuzunisha Roho.

Jumapili iliyofuata nilikuja na Trofimo. Si mtu anayehubiriwa sana. Katika Matendo sura ya 19, Paulo akiwa Efeso, watu walichukua leso na nguo zilizogusa mwili wake wakazipeleka kwa wagonjwa, wakapona. Sura ya 21 tunaambiwa Trofimo ni mtu wa Efeso. Yaani anatoka mji ule ule wa leso, amesafiri na Paulo mwenyewe, si mtu wa pembeni. Halafu fungua barua ya pili kwa Timotheo, sura ya mwisho, mstari wa 20: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Basi. Paulo hakueleza kwamba Trofimo alikosa imani, wala hakutafuta dhambi yake. Aliandika alichokiona: nilimwacha mgonjwa. Na kanisa likautunza mstari huo, likaunakili kwa mkono karne baada ya karne, likauleta hadi hapa Mbeya. Wangetaka kulinda jina la mtume wangeufuta.

Na huyo huyo Timotheo, Paulo anamshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomsumbua. Isaya naye, akiwa tayari ameshapewa neno kwamba mfalme Hezekia atapona, aliagiza waweke tini juu ya jipu. Maombi na dawa vimekaa nyumba moja ndani ya Biblia muda wote. Aliyewagombanisha si Mungu. Wamisionari wa Kimoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na Injili, shule na dawa pamoja, na wazee wetu hawakuona ajabu.

Tuliomba ruhusa kwa mchungaji kwamba siku ya ushuhuda iwepo nafasi ya mtu kusema aliomba na bado. Haikuwa rahisi. Baadhi ya wazee waliogopa kwamba tutawavunja moyo wageni. Mchungaji aliruhusu, na Jumapili ya kwanza palikuwa na ukimya mrefu, kila mtu anaangalia viatu vyake. Akainuka bibi mmoja wa Tukuyu, ambaye kwa miaka anamwombea mwanawe aache pombe. Akashika ile benchi ya mbele yake kwa mikono miwili. "Bwana Yesu asifiwe. Mwanangu bado anakunywa. Naendelea." Akaketi. Kanisa zima likasema amina, na nawaambieni, sijasikia amina ya namna ile hata siku za uponyaji.

Jambo la pili lililotufundisha lilitokana na binti mmoja wa kwaya. Sitasema zaidi ya ruhusa aliyonipa. Yeye alikuwa mmoja wa waliojitolea kwenye jaribio la chanjo ya VVU. Alikuwa hajatuambia, hata tulipoisoma ile habari ya Desemba alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake. Mwaka uliofuata akachumbiwa, na usharika wetu, kama makanisa mengi, huwataka wachumba wapime kabla ndoa haijatangazwa. Hapo ndipo alipokuja nyumbani kwangu jioni na barua kutoka kwa watafiti.

Tulikwenda kwa mchungaji pamoja. Aliisoma barua akiwa amesimama karibu na dirisha, akavua miwani, akaisoma tena. "Mwalimu, nieleweshe. Kipimo kinaweza kusema anao, na kumbe hana?"

Ndiyo. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, kile cha mistari miwili, hakimtafuti kirusi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi yake. Na kazi ya chanjo ni nini kama si kuuchochea mwili utengeneze kingamwili? Mtu aliyechomwa chanjo ya majaribio anaweza kuonyesha mistari miwili akiwa hana kirusi hata kimoja. Nilimwambia mchungaji ni kuona moshi ukadhani nyumba inaungua, kumbe watu wanapika. Kinachotakiwa ni kipimo kingine, kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, na watafiti huwapa washiriki wao huduma hiyo. Binti alikuwa amepimwa hivyo. Alikuwa salama.

Lakini fikiria mzigo. Ameutoa mwili wake kwa ajili ya watu asiowajua, chanjo yenyewe haikufanya kazi, na alichobaki nacho ni hofu kwamba siku atakayopima kwenye kituo kisicho na habari zake, muuguzi atamtazama kwa jicho la kuhukumu, na habari zitamtangulia nyumbani. Mchungaji alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, Warumi kumi na mbili mstari wa kwanza nimeuhubiri mara nyingi. Sikujua kwamba kuna mtu hapa kanisani anaufanya." Ule mstari ni huu: itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai. Kwa ruhusa ya binti, akaenda yeye mwenyewe Uyole kwa wazazi wa kijana, akawaeleza, na mimi nikaenda naye nikiwa na karatasi na kalamu kwa ajili ya kuchora. Mama wa kijana aliuliza maswali makali, na alikuwa na haki ya kuyauliza. Tulimaliza usiku. Ndoa ilifungwa.

Tangu hapo nikisoma habari ya jaribio lolote na kukutana na idadi ya washiriki, nasimama kidogo pale kwenye namba. 1,512 ni watu wenye wachumba na mama wakwe.

Kisha ikaja habari njema, na habari njema nayo ina hatari zake. Juni 2024 yalitangazwa matokeo ya dawa inayoitwa lenakapaviri, sindano ya chini ya ngozi ya tumbo inayochomwa kila baada ya miezi sita. Jaribio lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliopata sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya kila siku vilivyozoeleka, waliambukizwa 16. Mwezi uliofuata Profesa Linda-Gail Bekker wa Afrika Kusini aliyasoma matokeo hayo kwenye mkutano wa kimataifa Munich, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Siku mbili hazikupita, simu zetu zikajaa: "DAWA YA UKIMWI IMEPATIKANA, MUNGU AMEJIBU, TUMA KWA WATU KUMI." Vijana walitaka niisome kanisani. Nikawaambia tusome kwanza yenyewe. Siyo dawa ya kuponya. Aliyekwisha kuambukizwa haiondoi virusi mwilini mwake, na kliniki yake ya ARV haijafutwa. Siyo chanjo pia. Haiufundishi mwili kitu, bali inakaa mwilini ikilivuruga ganda la ndani linalobeba vinasaba vya kirusi, na muda wake ukiisha lazima uchomwe tena. Nilitaka waelewe hilo vizuri kwa sababu nilikuwa bado naisikia sauti ya jirani yangu kwenye ile spika. Mtu mmoja akisoma "imepatikana" akaacha dozi, tangazo letu la sifa litakuwa limemwua.

Tulipomaliza kuelewana juu ya hayo tulimshukuru Mungu kwa nguvu zote, tukaimba. Sifuri kati ya 2,134 ni kitu cha kuimbiwa.

Swali la kwa nini vidonge vilifanya vibaya ndilo wasichana walilolijibu wenyewe, mimi nikawa msikilizaji. Vidonge wengi hawakuvimeza inavyotakiwa. Mmoja akasema, "Mwalimu, ukikutwa na kopo la vidonge hosteli, umekwisha. Watasema ni ARV." Sindano mara mbili kwa mwaka haina kopo la kuficha. Mwenzake akaongeza kwamba hata aliyeolewa, mume akikuta vidonge vya kinga anauliza unajikinga na nani. Hapo wavulana walinyamaza, na ilikuwa vizuri wakanyamaza.

Februari 2025 palikuwa na habari nyingine ambayo nitaipitia kwa haraka, maana somo lake ni lile lile. Mwamba wa angani ulioitwa 2024 YR4, ulioonekana mwishoni mwa Desemba 2024 kwa darubini iliyoko Chile, ulitangazwa una uwezekano wa kuigonga dunia Desemba 2032. Uwezekano ukapanda hadi asilimia 3.1, kisha kwa vipimo vipya ukashuka ndani ya siku chache hadi karibu na sifuri. Huku kwetu habari za mawe ya angani si ngeni. Kimondo cha Mbozi, tani kama 16 za chuma na nikeli, kiko mwendo mfupi kutoka Vwawa na watoto wa shule wanakipanda mgongoni. Wahubiri wa mitandaoni walishaunganisha mwamba ule na Pakanga, ile nyota inayoanguka kutoka mbinguni katika Ufunuo sura ya 8. Wanasayansi waliposhusha namba yao, waliishusha mbele ya watu wote. Wale wa Pakanga sijamsikia hata mmoja aliyerudi kusema neno. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 iko wazi kabisa juu ya nabii anenaye jambo lisitimie.

Juni 2025 Marekani iliidhinisha lenakapaviri kwa kinga, na Julai Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Bei iliyotajwa kule Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Niliandika namba hiyo ubaoni, tukaigeuza kuwa shilingi, ikawa zaidi ya milioni sabini. Kijana wa famasi aliweka kalamu chini. Septemba ya mwaka ule ule yakatangazwa makubaliano ya kutengeneza dawa hiyo hiyo kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, kwa nchi 120, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Dawa ni ile ile, ganda la kirusi ni lile lile. Tofauti yote hiyo iko kwenye makaratasi ya watu. Nabii Amosi, aliyewakemea wanaowaonea maskini, angekuwa na la kusema hapo, na nadhani makanisa ya Marekani yanapaswa kulisema kabla yetu. Mwaka huo huo misaada ya Marekani ilipokatwa, ruhusa ya dharura iliyotolewa kwa huduma za kinga iliwabakiza wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wasichana wa umri wa wale 2,134 waliachwa nje.

Pingamizi la ndani ya kanisa nalo lilikuja, na sitalidharau. Baba mmoja mwenye mabinti aliniuliza mbele ya vijana: sindano hii si ruhusa ya uzinzi? Nilimjibu kwamba uaminifu ndani ya ndoa na kujizuia kabla yake naufundisha na nitaendelea kuufundisha, sijabadilika. Kisha nikamwomba afikirie akina mama aliowazika yeye mwenyewe kama mzee wa kanisa. Wangapi walikuwa waaminifu mpaka kufa? Hapa tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, wanaume wanasafiri, wengine wanakaa kwenye mashamba ya chai na misitu ya mbao miezi mingi. Mke anayebaki nyumbani akimwomba Mungu amlinde mumewe, anabeba hatari ambayo hakuichagua. Msamaria hakumwuliza yule mtu wa njia ya Yeriko alikuwa anafuata nini barabara ile. Alimwaga mafuta na divai.

Yule baba hakukubali siku ile. Aliniambia bado analifikiria, na anaendelea kuja.

Kwa sasa vijana wanafuatilia chanjo ya kifua kikuu inayoitwa M72. Tuna BCG tangu 1921, inawakinga watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini kwa watu wazima kinga yake ya mapafu ni hafifu, na hatujawahi kupata nyingine ya kuisaidia. M72 inajaribiwa kwa watu wapatao 20,000 Afrika Kusini, Kenya, Malawi, Zambia na Indonesia. Majirani zetu watatu wa mpakani wamo. Tumeiandika kwenye daftari la maombi, na mchungaji ameshaahidi kwamba matokeo yakitoka atayasoma madhabahuni siku ya ushuhuda, yawe yamekubali au yamekataa, na jina la kila nchi iliyotoa watu wake litatajwa.